Marudio: Dhahabu Inayobaki Mchangani

Marudio ni mchanga uliokwisha kusagwa, kuoshwa na kupitishwa kwenye zebaki, na ambao bado una dhahabu. Katika machimbo madogo ya kusini mwa Ziwa Victoria mchanga huu haumwagwi. Hurundikwa, hupimwa, huuzwa, kisha husombwa kwa malori kupelekwa kwenye plenti, yaani mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi. Mara nyingi rundo hubaki na zaidi ya nusu ya dhahabu iliyokuwemo kwenye mawe yalipotoka shimoni. Lawama humwangukia mchenjuaji, kwamba hakuwa makini au zebaki yake haikutosha, lakini chanzo kikubwa ni ukubwa wa chembe.

Dhahabu ya ukanda huu imo katika miamba ya kale sana, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.7, hasa kwenye mishipa ya kwazi na kando ya madini ya salfaidi kama pairaiti. Mbale, yaani mawe yenye madini, ikiwa na gramu 5 za dhahabu kwa tani huhesabiwa kuwa nzuri, ingawa maana yake ni sehemu 5 tu za dhahabu katika sehemu milioni moja za jiwe. Tena gramu hizo haziko mahali pamoja. Sehemu yake huonekana kwa macho, sehemu ni chembe za maikromita chache zilizozingirwa na kwazi, na sehemu imefichwa ndani kabisa ya fuwele za pairaiti. Kila sehemu hudai mbinu yake.

Njia ya kwanza, na iliyo ya zamani kuliko zote, hutegemea uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, na ya kwazi gramu 2.65, kwa hiyo maji yanapoteremka kwenye mwalo uliotandikwa magunia au mazulia, kwazi husukumwa mbele na dhahabu hunasa kwenye nyuzi. Kanuni hii hufanya kazi vizuri mradi chembe ni kubwa. Kadiri chembe inavyopungua ukubwa, ndivyo mkondo wa maji unavyoishinda nguvu ya uzito, na chembe bapa huweza hata kuelea. Karasha kavu za gololi, yaani mashine za kusagia mawe, zinazotumika sana kwa wachimbaji wadogo wa Tanzania, huleta matatizo mawili kwa mkupuo: mawe mengine hutoka yakiwa hayajasagika vya kutosha kuiachia dhahabu, na dhahabu iliyokwisha kuachiwa hupondwapondwa ikawa vipande vyembamba vinavyochukuliwa na maji.

Zebaki huongezwa ili kukamata kile ambacho uzito pekee haukikamati. Hushikamana na dhahabu pale inapogusa uso wake ulio safi, na hapo ndipo ulipo mpaka wake. Chembe iliyofunikwa na kutu, na ile iliyobaki ndani ya punje ya kwazi, haiguswi hata zebaki ikimwagwa kwa ndoo. Ubaya huzidi pale zebaki inapochanganywa na mchanga wote badala ya makinikia machache yaliyokwisha kuoshwa: humeguka matone madogo mno, nayo huondoka na marudio, yakiwa yamebeba dhahabu iliyokwisha kunaswa.

Donge linalopatikana, ambalo mara nyingi huwa nusu dhahabu na nusu zebaki, huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, chini sana ya nyuzi 1,064 zinazoyeyusha dhahabu, hivyo huruka kama mvuke na kuiacha dhahabu nyuma. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kumwaga zebaki hewani, ukichangia takriban asilimia 38 ya zebaki yote iingiayo hewani kutokana na shughuli za binadamu. Chombo kilichofungwa, kinachoupoza mvuke na kuurudisha kuwa kimiminika, hupunguza hasara hiyo sana. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, huiepuka zebaki kabisa: huosha hadi makinikia yawe machache na mazito, kisha huyayeyusha pamoja na boraksi, ambayo hushusha joto la kuyeyuka la uchafu. Mbinu hiyo ilikwisha kujaribiwa Tanzania, lakini nayo huhitaji dhahabu iliyokwisha kutengana na jiwe.

Hakuna jipya katika kushindwa kwa zebaki. Katika miaka ya 1880 uchenjuaji wa Witwatersrand, Afrika Kusini, ulikwama vivyo hivyo baada ya mashimo kuteremka chini ya miamba iliyooza na kukutana na pairaiti. Suluhisho lilitoka Glasgow, ambako mwaka 1887 John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipata hataza ya kutoa dhahabu kwa myeyusho hafifu wa sayanaidi. Mwaka 1890 njia hiyo ilikuwa imeanza kutumika Johannesburg, na ndiyo inayotawala mpaka leo.

Sayanaidi haiyeyushi dhahabu peke yake. Mwaka 1846 mkemia Elsner alionyesha kuwa oksijeni ni sharti: dhahabu hupoteza elektroni, oksijeni iliyomo majini huzipokea, na sayanaidi huizunguka dhahabu na kuibakiza ndani ya maji. Kemia hii ina matokeo ambayo wenye plenti wengi hawayapi uzito unaostahili. Maji ya nyuzi 25 kwenye usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Huko Geita, ndani ya ukanda huu na zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kiasi hicho hushuka hadi karibu 7. Kwa oksijeni hiyo, kinadharia hata gramu 0.1 ya sayanaidi ya sodiamu kwa lita inatosha kuifikisha kasi kwenye kilele. Kuanzia hapo kuongeza sayanaidi hakuongezi kasi, ila gharama na sumu, wakati kuingiza hewa kungesaidia. Ni kweli kwamba mchanga halisi hudai zaidi ya kipimo cha nadharia, kwa kuwa madini ya shaba huila sayanaidi na baadhi ya salfaidi huila oksijeni. Ndiyo maana sampuli hupimwa maabara kabla tangi halijajazwa.

Hata katika hali bora kabisa, kasi hiyo ni ndogo. Vipimo vilivyo maarufu katika metalojia huonyesha kuwa uso wa dhahabu hulika chini ya maikromita 2 kwa saa, kwa hiyo chembe yenye upana wa maikromita 44 huhitaji takriban saa 13, na ya maikromita 149 saa 44. Hapo huonekana kinyume cha mambo. Chembe kubwa, iliyo rahisi kwa mwalo, ndiyo inayoichelewesha sayanaidi. Chembe ndogo inayoukimbia mwalo huyeyuka upesi, mradi myeyusho uifikie. Mfuatano wa busara basi ni kutoa kubwa kwa uzito kwanza, kisha kuiachia sayanaidi iliyo ndogo.

Kufikiwa huko ndiko kunakotofautisha plenti na plenti. Katika matangi ya wachenjuaji wadogo mchanga hutulia, na myeyusho huteremka kati ya punje kwa siku kadhaa. Udongo wa mfinyanzi ukizidi, njia huziba na sehemu ya tangi hubaki kavu. Migodi mikubwa husaga hadi laini na kuukoroga mchanga kama uji, huku hewa ikipulizwa ndani. Kwa wadogo matangi ya kukoroga ni ghali, lakini pia kuna suala la nani anafaidika: sehemu nyingi mwenye karasha ndiye hubaki na marudio kama malipo, hivyo hana haraka ya kusaga laini zaidi kwa faida ya mchimbaji.

Dhahabu iliyoyeyuka hunaswa kwa kaboni, yaani mkaa maalumu wa vifuu vya nazi wenye vitundu visivyohesabika. Zamani ilitolewa kwa unga wa zinki, jambo lililodai maji safi yasiyo na tope. Kaboni hufanya kazi hata ndani ya tope. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha aina hiyo kilianza mwaka 1973 kwenye mgodi wa Homestake, Dakota Kusini, Marekani. Kaboni iliyoshiba hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni, ambako soda kaustiki na sayanaidi za moto huing'oa dhahabu, kisha umeme huigandisha kwenye nyuzi za chuma. STAMICO, shirika la madini la serikali ya Tanzania, imejenga vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi ili wachimbaji wadogo waone uchenjuaji huu ukifanywa kwa mpangilio.

Tatizo kubwa la marudio ni kwamba zebaki iliyobaki ndani yake huyeyuka pia. Sehemu hupanda kwenye kaboni na kurudi kama mvuke tanuruni, na nyingine hutoka na maji ikiwa katika umbo linalosafiri kirahisi. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zichukue hatua kukomesha kuweka sayanaidi kwenye mchanga wenye zebaki kabla zebaki hiyo haijaondolewa. Sayanaidi yenyewe nayo hudai chokaa ya kutosha: kipimo cha alkali (pH) kikishuka chini ya 10, sehemu yake inayozidi kukua hugeuka gesi inayoua.

Hubaki dhahabu iliyofungwa ndani ya pairaiti, ambayo hata kusaga laini hakuifichui. Fuwele lazima ivunjwe kwa kuchomwa, kwa oksijeni yenye shinikizo, au kwa bakteria wanaokula salfaidi, kama ilivyofanyika mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, tangu 1986. Utafiti mwingine hutafuta mbadala wa sayanaidi. Mgodi wa Goldstrike, Nevada, ulianza mwaka 2014 kutumia thiosalfeti kwa mbale yenye kaboni ya asili, ambayo huipora dhahabu iliyoyeyuka kwa sayanaidi. Kwa kuwa mkaa wa vifuu hauishiki vizuri dhahabu ya thiosalfeti, mahali pake iliwekwa resini.