Meli inayojaza wenzake mafuta zikiwa mwendoni: Kwa nini inajengwa kwanza kwenye kompyuta?

Fikiria malori mawili yanakimbia sambamba barabarani, halafu mpira wa mafuta unapitishwa kutoka moja kwenda jingine, na hakuna linalosimama. Sasa yatoe barabarani, yaweke baharini mawimbi yakipiga, na kila lori liwe meli ya maelfu ya tani.

Hiyo ndiyo kazi ya meli ya ugavi ya jeshi la wanamaji.

Katikati ya bahari hakuna kituo cha mafuta. Manowari ikipungukiwa dizeli au chakula, meli ya ugavi inaifuata na zote mbili zinatembea ubavu kwa ubavu, mara nyingi zikiachana mita 30 hadi 60 tu, kwa mwendo wa kama kilomita 22 kwa saa. Kamba ya chuma inavutwa kutoka meli moja hadi nyingine, na mpira mnene unaning'inia juu yake ukipitisha mafuta. Zoezi linaweza kuchukua saa kadhaa.

Maji yanazivuta

Shida yenyewe si mawimbi tu. Maji yanayopita kwenye nafasi nyembamba kati ya meli hizo yanaongeza kasi, na yakiongeza kasi mgandamizo wake unashuka. Basi meli zinaanza kuvutana kama zina sumaku. Kule mbele, maji yaliyorundikana kwenye pua ya kila meli yanafanya kinyume chake, yanaisukuma nyingine mbali. Anayeshika usukani hana muda wa kupepesa macho.

Nguvu hizo huwezi kuzikadiria kwa macho. Ndiyo maana siku hizi, kabla chuma hakijakatwa, meli nzima inatengenezwa kwanza kwenye kompyuta.

Usiichanganye na zile meli za pande tatu unazozungusha kwa kidole kwenye simu. Zile ni ngozi tu, ndani hamna kitu. Modeli ya wahandisi ina kila bomba, kila mlango, kila waya, pamoja na uzito wake na mahali ulipo. Programu inapitisha maji pembeni mwa meli na kuonyesha itakavyoyumba. Inapekua pia makosa ya kawaida kabisa, mfano bomba lililopita mahali pa ngazi. Nani hajaona fundi akitoboa ukuta mpya kwa sababu bomba lilisahaulika? Kwenye skrini ni suala la kusogeza tu. Kwenye chuma kilichokwisha kuchomelewa, hapo ni pesa na miezi.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa kuliko zote ya modeli hii ni kuhesabu uzito. Manowari haibadiliki sana uzito kwa siku moja. Meli ya ugavi inatoka bandarini imejaa na inaweza kurudi karibu tupu. Tangi lililojaa nusu lina tabia mbaya: meli ikilala upande mmoja, mafuta nayo yanakimbilia upande huohuo na kuilaza zaidi. Kwa hiyo wahandisi wanajaribu hali nyingi: tangi hili tupu, lile nusu, upepo wa ubavuni, helikopta juu. Wanataka meli ibaki wima katika hali zote hizo. Baada ya hapo bado kuna majaribio ya baharini, maana kompyuta haiaminiwi peke yake.

Aotearoa na maji ya Tonga

Mfano mzuri ni HMNZS Aotearoa ya New Zealand. Ina urefu wa mita 173 na uzito wa tani 26,000 hivi, na ilijengwa Ulsan, Korea Kusini. Meli iliyoitangulia, Endeavour, ilistaafishwa mwishoni mwa 2017, na Aotearoa ikaingia rasmi jeshini Julai 2020. Katikati hapo, nchi hiyo haikuwa na meli yake ya ugavi.

Januari 15, 2022, volkano ya chini ya bahari ililipuka Tonga. Watu wengi huko hutegemea maji ya mvua, na majivu yakaangukia mapaa na matangi yao. Aotearoa ilipelekwa ikiwa na lita 250,000 za maji, yaani madumu 12,500 ya lita 20. Pia ina mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, wenye uwezo wa kutengeneza lita 70,000 kwa siku.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Maji yale yakishashushwa nchi kavu, ni tani 250 zimetoka ndani ya meli, na meli inatakiwa ibaki imesimama vilevile.