Motokaa ya Zamani na Mlima wa Ngorongoro

Wenzangu wengi wameniuliza Land Rover ya zamani ya baba yangu mdogo, iliyokuwa ikikohoa na kutoa moshi mweusi mlimani, iliwezaje kupanda vizuri kutoka lango la Lodoare hata ukingo wa Kreta. Nitaeleza.

Injini hailishwi petroli tupu. Yahitaji na hewa. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta kama mita 2,300. Huko juu hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Tanga. Lakini kabureta haina habari ya mlima: yamimina petroli kana kwamba iko pwani. Petroli ikizidi hewa haiungui yote. Plagi huwa nyeusi, na nguvu hupotea.

Basi tuliweka jeti, yaani kile kipande kinachopitisha petroli, yenye tundu dogo zaidi. Tulisafisha plagi na chujio la hewa, tukawahisha cheche kidogo, maana katika hewa nyepesi moto huenda polepole. Tena tulishusha vyuma chakavu vilivyokuwa vikipandishwa mlimani bure kila siku! Tulipopima kwa saa ya mkono, safari ile ile ilipungua dakika nne.

Likizo ya Juni tulishuka Tanga. Hewa nzito, petroli kidogo: injini ikapata joto kupita kiasi, vali moja ikaungua. Jeti kubwa, niliyoagizwa niirudishe, ilikuwa mfukoni mwangu.