Kuijaribu Kahawa Mpya Nyumbani: Namna ya Kutofautisha Ladha, Uchakavu na Udanganyifu

Ndugu mlaji, umenunua pakiti ya kahawa ambayo hujawahi kuitumia. Juu yake pameandikwa kuwa ni mchanganyiko, tena imekaangwa kwa kiwango cha wastani. Umeipika, umeionja, na hukuridhika. Je, kahawa hiyo haikuafiki tu, imechakaa, au umeuziwa kitu kisichokuwa kahawa? Maswali haya yana majibu tofauti, na hatua unayopaswa kuchukua hutegemea jibu. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuijaribu kahawa mpya kwa utaratibu, ili ukilalamika uwe na hoja.

Maana ya maneno yaliyo kwenye pakiti

Mchanganyiko ni kahawa iliyotokana na aina au maeneo zaidi ya moja. Hapa Tanzania, Arabika hulimwa katika mikoa kama Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na Ruvuma, ilhali Robusta hulimwa zaidi Kagera. Arabika husifika kwa harufu yake na uchachu mwepesi. Robusta ni nzito na chungu zaidi, na kafeini yake hukaribia maradufu ya ile ya Arabika. Kuzichanganya si kosa: mkaangaji hufanya hivyo ili ladha isibadilikebadilike, au ili kupunguza bei. Swali la mlaji liwe moja: ndani ya pakiti mna nini, na kwa kiasi gani?

Kahawa iliyokaangwa kwa wastani huwa na punje za rangi ya hudhurungi, ambazo kwa kawaida hazing'ai mafuta. Ikikaangwa zaidi huwa nyeusi, hutoa mafuta, na uchungu huzidi. Mtu aliyezoea kahawa chungu ya birika mitaani, iwe Dar es Salaam au Unguja, anaweza kuiona kahawa ya wastani kuwa chachu na nyepesi. Hiyo ni tabia yake, wala si kasoro. Aidha, uchungu si kipimo cha kafeini. Ukaangaji hubadilisha kafeini kidogo tu. Wingi wake hutegemea zaidi aina ya kahawa na kiasi unachotia. Kumbuka pia kwamba wakaangaji hawalitumii neno "wastani" kwa kipimo kimoja, hivyo pakiti mbili zenye neno hilo zinaweza kutofautiana.

Kabla ya kulipa

Soma lebo yote, si maandishi makubwa peke yake. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hakikisha pakiti haijatoboka wala kufunguliwa.

Linganisha bei kwa uzito, si kwa ukubwa wa pakiti. Kwa mfano, pakiti ya gramu 250 kwa shilingi 12,500 ni shilingi 5,000 kwa kila gramu 100. Pakiti ya gramu 200 kwa shilingi 11,000 ni shilingi 5,500 kwa kiasi hichohicho, ingawa dukani yaweza kuonekana rahisi. Kwa kahawa usiyoijua, nunua pakiti ndogo kwanza, na udai risiti. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pakiti inayojisifu sana bila kutaja kilichomo isomwe mara mbili.

Jaribio la nyumbani

Pika kahawa mpya na ile uliyoizoea siku moja, kwa vipimo vilevile. Tia gramu 12 za kahawa iliyosagwa, yaani takriban vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa, kwa mililita 200 za maji. Chemsha maji, yaepue, yaache yatulie kwa nusu dakika, kisha yamimine juu ya kahawa. Subiri dakika nne, chuja, na uonje kabla ya kutia sukari, maziwa au tangawizi, kwa kuwa vitu hivyo huficha kasoro.

Ikiwa kahawa ni chachu mno na nyepesi, isage laini zaidi au uiache kidogo zaidi majini. Ikiwa ni chungu mno, fanya kinyume chake. Ladha ikitengemaa, kasoro ilikuwa katika upishi. Lakini ikiwa haina harufu, au inanuka mafuta yaliyovunda, huenda imechakaa. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi kuliko punje nzima, hivyo ikishafunguliwa ihifadhi katika chombo kikavu kisichopitisha hewa, mbali na jiko na mwanga.

Kama unashuku kuwa imechanganywa na nafaka au mizizi ya chikori, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha kahawa iliyosagwa juu ya bilauri ya maji baridi, bila kukoroga. Kwa kawaida, kahawa halisi huelea kwa muda. Chikori huzama mapema na kuyatia maji rangi ya kahawia. Hata hivyo, kahawa iliyosagwa laini mno nayo yaweza kuzama, na jaribio hili halifai kwa kahawa ya kuyeyuka. Matokeo yake ni dalili tu. Ushahidi hutolewa na maabara.

Tahadhari ya afya

Mchanganyiko wenye Robusta nyingi huongeza kafeini kikombeni bila mnywaji kutambua. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Chai na baadhi ya soda nazo zina kafeini, hivyo zihesabiwe. Ikiwa lebo haitaji uwiano wa Arabika na Robusta, mjamzito asikadirie kwa ladha. Ni salama zaidi apunguze vikombe na kumwuliza mhudumu wa afya.

Hatua za kuchukua

Kahawa isiyokuafiki si lazima iwe mbovu, na muuzaji hana kosa kwa kuwa umeipenda nyingine. Lakini kahawa iliyoharibika kabla ya tarehe yake, iliyopungua uzito au yenye kitu kisichotajwa kwenye lebo ni jambo jingine. Usiitupe pakiti. Funga kahawa iliyobaki humohumo, tunza risiti, na urudi kwanza kwa muuzaji.

Usiposikilizwa, malalamiko ya ubora na usalama yapeleke TBS, ya uzito Wakala wa Vipimo, na ya maelezo au matangazo ya kupotosha Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Eleza ulinunua wapi, lini, kwa bei gani, na uliona nini. Namba ya toleo ni muhimu kuliko yote: kwa namba hiyo, pakiti yako moja inaweza kuwaongoza wakaguzi hadi kwenye nyingine za toleo hilohilo zilizo bado dukani.