Mtoto wa miaka 3 na penseli

Swali ni lile lile, uwe Vwawa mjini au Mlowo: "Mwalimu, mwanangu ana miaka 3 na hajui kuandika hata a. Nimtafutie tuisheni?"

Hapana. Usimtafutie.

Imani kwamba mtoto akiwahi penseli atawahi akili imeota mizizi, na baadhi ya vituo vya kulelea watoto vinaifanyia biashara. Daftari linajazwa herufi za nukta nukta, mtoto afuatishe, mzazi akilifungua jioni aone ada yake haikwenda bure. Hebu tazama mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Kwa mtoto wa miaka 3, nusu yake au zaidi bado ni gegedu, na misuli ya vidole haijapata nguvu. Ndiyo maana huikamata penseli kwa ngumi kama mchi, akaandika kwa bega zima. Anachoka, anafokewa, anaanza kulichukia daftari. Na hiyo a aliyoichora haimwambii kitu. Kusoma huanzia masikioni, mtoto anapong'amua kwamba "baba" na "bata" yanaanza kwa sauti moja. Hilo huja kwa nyimbo, vitendawili na hadithi, iwe kwa Kinyiha au Kiswahili, lugha yoyote mnayozungumza nyumbani.

Mwangalie wa miaka 6 akicheza mdako. Anarusha jiwe, anakomba mengine shimoni, analidaka lile la juu kabla halijagusa chini, kisha anayarudisha yote isipokuwa moja. Zamu ijayo anabakiza mawili. Jicho, vidole na hesabu vinafanya kazi pamoja. Halafu mtu mzima anaita: "Acha michezo, njoo usome!" Alikuwa anasoma!

Wa miaka 3 mpe udongo afinyange, gunzi la mahindi apukuchue ukiwa pembeni, vifuniko vya soda apange kwa rangi. Hesabuni viazi mnapomenya. Aliye chini ya hapo, weka mbali punje na maharage, vitampalia. Simu? Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: chini ya miaka 2 asiangalie kabisa, miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku.

Darasa la kwanza ni miaka 6, herufi zitamkuta. Lakini wa miaka 3 asiyeunga hata maneno mawili, au asiyegeuka ukimwita, mpeleke kituo cha afya wiki hii.