Mbegu ya pera haina kesi na kidole tumbo

Watoto wengi wamekuzwa na onyo kwamba mbegu za pera zikimezwa hujikusanya kwenye kidole tumbo, na mwisho wake ni kisu cha daktari. Onyo lina nia njema, ila ushahidi wake ni haba. Kidole tumbo huvimba mlango wake unapoziba, na mara nyingi kinachouziba ni kinyesi kilichokauka au tezi za kinga zilizovimba ukutani mwake. Nchini Uturuki madaktari walipitia kumbukumbu za wagonjwa 1,969 waliopasuliwa kwa maradhi hayo. Mbegu za matunda zilionekana kuwa chanzo kwa mmoja tu, na mabaki mengine ya mimea kwa saba. Anayedai kuna daktari aliyewahi kuikuta mbegu humo huenda hasemi uongo, lakini mgonjwa mmoja kati ya karibu elfu mbili si sababu ya kumnyima mtoto pera, tunda linalolishinda chungwa kwa vitamini C.

Ukiitazama mimea yenyewe, hofu inazidi kupungua. Utamu wa tunda ni ujira wa mbebaji: ndege, popo au nyani hula, kisha huenda kuziacha mbegu mbali na mti mama. Ndiyo maana mbegu ya pera ni ngumu kiasi cha kuumiza jino, ya papai imevikwa utando unaoteleza, na ya pasheni imo ndani ya kifuko cha maji yake. Zote zimeumbwa zipite tumboni zikiwa nzima.

Hoja hii lakini isivutwe kupita kiasi. Mbegu ya stafeli au topetope ikimezwa nzima kwa kawaida hupita, ila ikisagwa hutoa sumu, na unga wake ukiingia jichoni hujeruhi vibaya. Anayetengeneza juisi azitoe zote kabla ya kuwasha blenda. Tena, kumeza mbegu ngumu nyingi kwa mpigo kunaweza kufunga choo. Hapo wazee walikuwa na hoja, walikosea kiungo tu. Hatari kubwa zaidi kwa mtoto mdogo iko kooni: mbegu ya ubuyu, zambarau au kunazi ikiingia njia ya hewa inaweza kumkata pumzi. Mpe nyama ya tunda peke yake, akiwa ameketi. Akipaliwa na mbegu kisha akaendelea kukohoa au kupumua kwa mlio, mpeleke hospitali, hata kama baadaye anaonekana ametulia.