Fumbo la Nambari na Kiswahili cha Hoja

Miongoni mwa michezo ya akili inayochapishwa magazetini, fumbo la nambari zinazopishana lina mvuto wa pekee. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha mvuto huo na jinsi unavyomhusu mwalimu wa Kiswahili.

Fumbo lenyewe huitwa kakuro. Kampuni ya Dell ililichapisha Marekani katika miaka ya 1960 kwa jina la Cross Sums. Kampuni ya Nikoli ikalieneza Japani katika miaka ya 1980, na mwaka 2005 gazeti la The Guardian likawapelekea wasomaji wa Uingereza. Jina hilo ni ufupisho wa maneno mawili: kasan, yaani kujumlisha, na kurosu, neno la Kiingereza lenye maana ya msalaba, lililotiwa irabu ili lifuate silabi za Kijapani. Mwanafunzi wa Kiswahili hashangai: ndivyo ratl ya Kiarabu ilivyogeuka ratili.

Umbo lake ni lile la chemshabongo ya maneno, ila mahali pa maelezo pameandikwa jumla tu. Mchezaji hujaza miraba myeupe kwa tarakimu 1 hadi 9, na tarakimu hairudiwi ndani ya jumla moja. Na ichukuliwe safu ya ulalo yenye miraba miwili na jumla 4. Kwa kuwa 2 na 2 haziruhusiwi, zinabaki 1 na 3. Safu ya wima ya miraba miwili yenye jumla 3 hukubali 1 na 2 tu. Safu hizo zikipishana, mraba wa makutano hauna budi kuwa 1, tarakimu pekee iliyomo pande zote mbili.

Mvuto umo humo: mchezaji habahatishi. Kitendawili hutegemea mazoea ya jamii, na asiyekulia humo hutoa mji. Chemshabongo ya maneno nayo hudai msamiati na tahajia. Nchini Kongo swali huzuka mara moja: je, ni Kiswahili cha vitabuni au cha Lubumbashi? Fumbo la nambari halimbagui mtu. 9 isomwe tisa, kenda, au kwa Kifaransa, jibu ni lile lile.

Ingedhaniwa basi kwamba halina faida kwa lugha. Sivyo. Kulijaza hakuhitaji maneno, lakini kumthibitishia mwenzio kunayahitaji: ikiwa, basi, isipokuwa, haiwezekani, ingekuwa hivi jumla ingezidi. Hayo ndiyo maungo ya hoja. Katika vyuo vikuu ambako masomo hutolewa kwa Kifaransa, msemaji wa Kiswahili huzoea kusimulia na kutania kwa lugha yake, na kuthibitisha akakuachia Kifaransa. Si lugha iliyopungukiwa. Mazoezi ndiyo haba.

Mwalimu anayechora fumbo dogo ubaoni, akakataza tarakimu isiandikwe kabla ya sababu yake kutamkwa kwa Kiswahili, atapata katika saa moja sentensi nyingi za masharti, kila moja ikiwa na jambo la kupimwa. Hoja ikikosea, mara nyingi miraba ya mbele itaifichua, wala hapatahitajika mwamuzi.