Punje Huvunjikaje Ndani ya Mashine ya Posho?

Posho inayouzwa Bugolobi, Kampala, imepitia chumba cha chuma ambacho hakuna anayeweza kukichungulia kikiwa kazini. Humo nyundo bapa huzunguka, ncha zake zikiweza kuzidi mita 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hupiga mahindi mpaka vipande vipenye kwenye matundu ya chekeche. Fundi husikiliza mlio, hupapasa unga kwa vidole, hubadilisha chekeche. Mapigo yenyewe hayaoni.

Kompyuta huyaona. Mwaka 1979 Peter Cundall na Otto Strack walichapisha njia ya kufuatilia chembe moja moja: kila chembe hupewa uzito, kasi na ugumu wake; zikigusana, programu hukokotoa nguvu ya kusukumana, husogeza muda kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha huanza tena. Wao walishughulika na udongo na mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mishra na Rajamani wa Chuo Kikuu cha Utah wakaitumia kwa pipa la kusagia mawe ya madini, lenye mipira ya chuma.

Lakini kujua ukubwa wa pigo bado si kujua kama punje itavunjika. Jiwe lililostahimili mapigo kadhaa hafifu linaweza kupasuka kwa pigo linalofuata, hafifu vilevile, kwa sababu nyufa zimekuwa zikikua ndani kwa ndani. Programu nzuri hutunza kumbukumbu ya majeraha hayo. Mahindi yana utata wa ziada: yakiwa makavu hupasuka, yakiwa na unyevu hubonyea na kumeza nishati ya nyundo bila kutoa unga mwingi. Yale ya msimu wa mvua na ya kiangazi yanahitaji vipimo tofauti.

Kwa vinu vya saruji kama vya Tororo faida ya hesabu hizi huweza kuwa kubwa zaidi. Kwenye pipa la mipira ya chuma, mipira ikirushwa mbali mno huangukia ukuta wa pipa badala ya mzigo, ikila chuma na umeme bure. Kubadilisha umbo la ukuta kwenye kompyuta hakusimamishi kiwanda.

Yade, programu inayotumia njia hii ya kufuatilia chembe, hupatikana bure. Kazi iliyo mbele ya maabara zetu ni kuvunja punje za mahindi ya Uganda, kavu na zenye unyevu, moja baada ya nyingine, na kuandika nguvu iliyotumika.